Pikapu ya dizeli imegoma kwenye baridi kali: tazama moshi kabla ya kushika spana

Injini ya dizeli haina cheche. Moto wake wote unatokana na hewa iliyobanwa: pistoni inapanda, hewa inasongwa mpaka inabaki kwenye sehemu moja ya kumi na sita, au hata ya ishirini, ya nafasi iliyokuwa nayo, na kwa kusongwa huko inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Dizeli ikinyunyiziwa humo inajiwasha yenyewe, kwani inahitaji kama nyuzi 210 tu ili ishike moto. Hesabu hiyo ni ya injini iliyo na uvuguvugu. Asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri hewa inaingia ikiwa ya baridi kali, chuma cha silinda kinainyang'anya joto wakati huohuo inapobanwa, na stata inayozunguka kwa uvivu inaipa hewa muda wa kuvuja pembeni mwa ringi za pistoni. Kwa hiyo karibu kila mgomo wa asubuhi ya baridi unaangukia kwenye swali moja kati ya matatu. Injini inazungushwa kwa kasi ya kutosha? Ndani ya silinda kuna joto? Dizeli inafika?

Maswali hayo yanajibika kabla hujafungua boneti. Mpe mtu ufunguo apige stata, wewe simama nyuma ya gari pembeni kidogo ya ekzosi, sikiliza na utazame. Sekunde 10, basi. Pumzisha dakika mbili ndipo ujaribu tena. Stata ya dizeli inakula mamia ya ampea, inapata moto haraka hata kama nje kuna barafu, na ile nguvu kidogo iliyobaki kwenye betri inamalizwa na jaribio la tano ambalo halikuwa na matumaini tangu mwanzo. Nasisitiza hili kwa sababu gharama kubwa za asubuhi hizi mara nyingi hazitoki kwenye ubovu wa kwanza. Zinatoka kwenye yale tunayolifanyia gari baada ya kugoma.

Stata inabofya tu, au inazunguka kwa uvivu

Hapa usifikirie dizeli wala hita plagi (plagi za umeme za kupasha silinda) kwanza. Fikiria umeme na oili.

Betri ya risasi na tindikali ni kiwanda cha kemikali, na baridi inapunguza kasi ya kiwanda hicho. Ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri nzima kabisa inatoa karibu nusu ya nguvu inayotoa kwenye joto la kawaida, na papo hapo injini yenye oili nzito inadai nguvu zaidi ya siku zote. Ndiyo maana juu ya betri kuna namba iliyoandikwa CCA. Ni ampea ambazo betri ikiwa mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi -18 bila volti kushuka chini ya 7.2. Ukinunua betri kwa ajili ya dizeli, soma namba hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na isiwe chini ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Pima. Betri iliyolala usiku kucha ikiwa imejaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12.0 imekwisha, hata kama taa za ndani zinawaka vizuri. Kisha acha mita kwenye vichwa vya betri wakati mwenzako anapiga stata. Volti zitashuka, hilo ni la kawaida. Zikiporomoka chini ya 9 hivi, betri imeelemewa, na kwenye magari ya kisasa kompyuta ya injini inaweza kuzimika katikati ya kuzungushwa, ukabaki na injini inayozunguka bila injekta, yaani vinyunyizio vya dizeli, kupewa amri. Dalili hii inawapeleka watu wengi kubadilisha pampu ya dizeli isiyo na kosa.

Pikapu nyingi kubwa za dizeli zina betri mbili zilizoungwa sambamba. Moja ikiwa mbovu inainyonya nzima usiku kucha, na asubuhi zote mbili zinaonekana mbovu. Zitenganishe ndipo uzipime, kila moja peke yake. Zikihitaji kubadilishwa, badilisha zote mbili siku moja, za aina moja na ukubwa mmoja. Niliwahi kubana matumizi nikabadilisha moja tu. Ile kuukuu ikaila mpya kabla ya baridi kuisha.

Kama betri zinasoma vizuri na stata bado inajikongoja, fuata nyaya. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu nene ya stata, mtu apige stata, usome. Kinachoonekana hapo ni volti zinazopotea njiani, na zikizidi nusu volti waya au kiungo kimeoza. Rudia upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye bloku ya injini. Upande huu wa hasi ndio unaosahauliwa, na ndio ulio na kutu mara nyingi, hasa pale ambapo barabara zinamwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu.

Tahadhari moja inayoweza kuokoa uso wako: betri iliyokwisha inaganda. Iliyojaa inastahimili hadi karibu nyuzi -60, lakini iliyotupu maji yake yanageuka barafu nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ukiona kuta zake zimefura au zimepasuka, usiibusti kwa umeme wa gari jingine wala usiichaji, maana inaweza kulipuka. Ifungue, ipeleke kwenye chumba chenye joto, iyeyuke, kisha uikague. Hata unapobusti betri isiyoganda, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, cheche isije ikakutana na gesi inayotoka betrini.

Halafu oili. Namba iliyo mbele ya herufi W ndiyo inayozungumzia baridi. Oili ya 15W-40 imepimwa kuweza kuvutwa na pampu hadi nyuzi -25. Ya 5W-40 hadi -35. Ya 0W-40 hadi -40. Kwa hiyo 15W-40 kwenye nyuzi -30 haimo kazini mwake. Hata injini ikikubali kuwaka, inazunguka kwa sekunde kadhaa ambapo oili bado haijapanda hadi kwenye turbo na kemshafti. Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu 5W-40 au 0W-40, badilisha kabla ya msimu. Na kama gari ni la gia za mkono, kanyaga klachi unapopiga stata, ili stata isilazimike kukoroga na oili ya giaboksi.

Inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka, haiwaki

Hii ni habari njema kuliko inavyoonekana. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni dizeli iliyofika silindani ikakosa joto la kuishika moto. Upande wa mafuta umefanya kazi yake. Tafuta joto.

Kwenye injini nyingi joto la nyongeza linatoka kwenye hita plagi, zile kucha za chuma zinazoingia silindani na kufika nyuzi 800 hadi 1000 ndani ya sekunde chache. Ile taa ya waya uliojikunja kwenye dashibodi haikuambii kama plagi zinawaka. Kwenye magari mengi inakuambia muda wa kusubiri tu, na itazimika kwa adabu hata kama plagi zote zimekufa. Chomoa waya wa kila plagi, pima ukinzani kati ya kichwa chake na bloku: nzima inasoma omu moja au pungufu, iliyokufa haisomi chochote. Ikiwa zote ni nzima, pima kama umeme unazifikia unapowasha swichi. Rilei na fyuzi yake kubwa zinakufa mara nyingi kama plagi zenyewe.

Usijaribu plagi ya gari la kisasa kwa kuipa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nyingi zimeundwa kwa volti 5 au 7, na kompyuta ndiyo inayozipimia. Ukizipa 12 zinaungua, na zinaweza kuvunjika ncha ikadondokea silindani.

Baadhi ya injini hazina hita plagi kabisa. Cummins za lita 5.9 na 6.7 zilizomo kwenye pikapu za Ram za kabla ya modeli ya 2025 zinatumia wavu wa umeme uliokaa kwenye njia ya hewa, unaopasha hewa kabla haijaingia. Pima kama unapokea umeme. Ukifanya kazi, volti za betri zinashuka kwa kurudiarudia kila unapowaka na kuzima, hata baada ya injini kuwaka.

Kwa muda huo, washa swichi, subiri taa izime, zima, washa tena, subiri tena, ndipo upige stata. Mizunguko miwili au mitatu ya kupasha mara nyingi inatosha kuibua injini ambayo plagi moja au mbili zimekufa.

Sasa dawa ya kupuliza ya etha. Naijua tamaa yake. Gari limegoma, mtu ana kopo, anapuliza kidogo kwenye filta ya hewa. Etha inashika moto kwenye nyuzi chini ya 200. Ikikutana na hita plagi nyekundu au wavu unaowaka, inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, au inalipukia ndani ya manifodi, yaani njia ya hewa ya kuingia injini. Matokeo yake ni ringi zilizovunjika, pistoni zilizopasuka, na mikono na nyuso zilizoungua. Injini yenye hita plagi au wavu wa kupasha hewa isipuliziwe etha. Sina ubaguzi wowote wa kuongeza hapo.

Ikiwa hita zote ni nzima, betri zina nguvu, na moshi mweupe bado unatoka tele bila kuwaka, basi pima kompresheni, yaani mbano wa hewa silindani. Injini iliyochoka inaweza kuficha uchakavu wake msimu wote wa joto. Baridi ndiyo inayoufichua.

Inazunguka vizuri, hakuna moshi hata kidogo

Hapa dizeli haifiki silindani, na unaweza kubadilisha hita plagi zote bila kupata faida. Sehemu hii ndiyo yenye mambo mengi, kwa hiyo twende taratibu.

Dizeli ina nta ndani yake, imeyeyuka na haionekani. Ikipoa kiasi fulani inaanza kuwa na ukungu, maana chembe za kwanza za nta zimejitokeza. Ikipoa zaidi, chembe zinashikana na kuziba filta, na ikizidi inakuwa rojorojo. Sehemu ya kwanza kuziba ni filta, kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko popote pengine. Tangi linaweza kuwa bado na dizeli inayotiririka vizuri. Dizeli ya msimu wa joto inaweza kuanza ukungu karibu na sifuri yenyewe. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 590 kinaipanga dizeli kwa nyuzi ambazo bado inapita kwenye filta ya majaribio: madaraja ya kawaida A hadi F yanaanzia nyuzi +5 mpaka -20, na ya kanda za baridi kali, 0 hadi 4, yanashuka kutoka -20 mpaka -44. Maana yake ni kwamba neno dizeli peke yake halikuambii kitu. Dizeli uliyojaza mahali pa joto, kisha ukasafiri siku mbili kuelekea kaskazini au ukapanda mlimani, ni dizeli ya kule ulikotoka. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea inaganda mapema zaidi, na ya mawese mapema kuliko nyingine nyingi.

Kuna jaribio rahisi ninalolipenda. Chota dizeli ya tangi lako kwenye chupa safi ya kioo, iache nje usiku karibu na gari. Asubuhi itazame kwenye mwanga. Ikiwa safi kama jana, nta si tatizo lako. Ikiwa na ukungu au mashapo meupe, umepata jibu. Ikiwa chini ya chupa kuna tone gumu linalong'aa, hilo ni barafu, na tatizo ni maji.

Kutofautisha nta na barafu ni muhimu kwa sababu dawa zake ni tofauti. Maji yanaingia tangini kwa unyevu wa hewa unaoshikamana na kuta za tangi lisilojaa, kisha yanaganda kwenye bakuli la kutenga maji chini ya filta au kwenye kona ya bomba. Fungua kile kizibo cha kumwaga maji. Kikitoa matone machache ya dizeli au kisitoe kitu, kuna kilichoganda. Kimwage mara kwa mara kabla ya baridi, na egesha gari likiwa na tangi lililojaa.

Kwa dizeli iliyoganda, hatua ni hizi. Gari lisukumwe au livutwe mahali penye joto kama inawezekana; saa kadhaa ndani ya jengo lenye uvuguvugu zinafanya kazi kuliko ufundi wowote. Badilisha filta, na mpya iwe imekaa kwenye joto. Usiijaze kwa kumimina dizeli kwenye tundu la katikati, kwani huo ni upande wa dizeli iliyokwisha kuchujwa na uchafu utaenda moja kwa moja hadi kwenye injekta; tumia pampu ya mkono au ya umeme kutoa upepo. Ongeza dawa ya kuyeyusha nta iliyotengenezwa kwa dizeli iliyokwisha kuganda. Ile ya kawaida ya kuzuia kuganda haiyeyushi nta iliyokwisha kujitokeza. Inafanya chembe zisishikane, basi, kwa hiyo lazima iingie tangini dizeli ikiwa bado safi na ya uvuguvugu, halafu ndipo ujaze ili ichanganyike.

Moto wa wazi chini ya tangi, hapana. Wako wanaofanya hivyo na wakapona, lakini mabomba ya plastiki, oili iliyochuruzika na nyaya haviwezi kusubiri bahati yako. Maji ya moto yanayomwagwa juu ya filta na bomba yanasaidia kama ni machache na yanakaushwa. Yakibaki yanageuka barafu juu ya kila kitu.

Na petroli? Zamani madereva waliongeza petroli kidogo kwenye dizeli, na injini za zamani zilivumilia. Pampu za sasa zinazobana dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa elfu moja zinalainishwa na dizeli hiyohiyo. Petroli inaondoa ulainisho, pampu inajisaga, na vumbi la chuma linaenea hadi kwenye kila injekta. Mafuta ya taa hayana ukali huo, na ndiyo yanayoishusha dizeli nyepesi ya baridi kwenye nyuzi za chini zaidi, lakini nayo yanalainisha kidogo. Fuata kitabu cha gari kabla ya kuchanganya, na uangalie sheria ya kodi ya mahali ulipo.

Kama filta ni safi, dizeli ni safi, na bado hakuna moshi, soma shinikizo la reli (bomba linalozigawia injekta dizeli) kwa mashine ya uchunguzi. Kompyuta haifungui injekta mpaka shinikizo lifike kiwango chake, na stata dhaifu haiwezi kulifikisha. Kuna injini nyingine ambazo injekta zake zinasukumwa na oili ya injini yenyewe. Ford Power Stroke ya lita 7.3, iliyouzwa kuanzia 1994 hadi 2003, ni mojawapo: inahitaji oili yenye shinikizo la kama psi 500 ndipo injekta zifanye kazi. Kwenye injini hizo oili nzito inaleta dalili ileile ya dizeli kukatika, na watu wanahangaika na tangi huku tatizo limo kwenye kopo la oili walilonunua.

Inawaka, inakwenda kilomita chache, inakosa nguvu na kuzima

Pale maegeshoni dizeli iliyokuwa kwenye filta ilitosha. Barabarani inavutwa mpya kutoka tangini, upepo unalipiga tangi na mabomba kwa kasi ya gari, na nta inajikusanya kwenye filta kidogo kidogo. (Upepo hauwezi kuishusha chuma chini ya nyuzi za hewa yenyewe, lakini unaifikisha huko upesi zaidi.) Alama yake ni hii: gari likisimama dakika kumi, joto la injini linapanda hadi kwenye filta, linawaka tena, linakwenda, linakufa tena. Usiendelee kuchezea hivyo kwenye barabara isiyo na watu. Rudi kwenye makazi likiwa bado linawaka.

Kabla ya kuilaumu dizeli, fungua boksi la filta ya hewa. Theluji ya unga inavutwa ndani na kuganda juu ya karatasi, na injini inakosa pumzi. Moshi mweusi pamoja na kukosa nguvu unaelekeza huko.

Inawaka ikitikisika na kugonga kwa dakika moja

Silinda moja inamisi, kisha inatulia. Karibu kila mara ni hita plagi moja. Mlio wa kugonga ulio mkali kuliko kawaida kwenye baridi ni wa kawaida pia, maana dizeli inachelewa kushika moto halafu inashika yote kwa pamoja. Ukitulia ndani ya dakika chache, achana nao. Usikanyage mafuta kuuondoa.

Injini haipati joto, hita ya ndani inapuliza baridi

Dizeli ikiungurumishwa tu pale iliposimama inazalisha joto kidogo mno. Inaweza kuunguruma saa nzima kwenye nyuzi -30 na sindano isipande, huku dizeli isiyoungua ikiosha oili kwenye kuta za silinda. Iache dakika tatu hadi tano shinikizo la oili litulie, kisha ondoka taratibu bila kupandisha mizunguko. Injini inapashwa na kazi. Na isiungurume kamwe ndani ya jengo lililofungwa, wala ukiwa umelala ndani ya gari lililozungukwa na theluji bila kuhakikisha ekzosi iko wazi. Gesi ya sumu ya ekzosi, kaboni monoksaidi, haina harufu ya kukuamsha.

Ikiwa hata barabarani haipati joto, shuku thamostati iliyokwama wazi. Kama ni nzima, funika sehemu ya mbele ya rejeta kwa kifuniko kilichotengenezwa kwa gari hilo, ukiangalia sindano, na ukiondoe unapovuta mzigo mzito.

Ukiona sindano ya joto inapanda kuelekea nyekundu na huku hita ya ndani inapuliza barafu, simama. Hiyo ni alama kwamba kulanti, yaani maji ya kupoza injini, imeganda au imekuwa nzito kwenye rejeta na haizunguki. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na glikoli unalinda hadi karibu nyuzi -37, na wa glikoli asilimia 60 hadi karibu -50. Usiweke glikoli tupu ukidhani ndiyo bora: peke yake inaganda karibu na nyuzi -13.

Oili inavuja ghafla baada ya safari kwenye baridi

Bomba la kutoa pumzi ya injini lina unyevu, na ncha yake ikiganda pumzi inatafuta njia nyingine: inasukuma kijiti cha kupimia oili kitoke, au inang'oa sili ya nyuma. Ukikuta kijiti kimejiinua, zima injini, yeyusha bomba hilo, kisha angalia oili. Usikirudishe tu na kuendelea.

Taa ya urea

Maji ya urea, kama AdBlue, yanayosafisha moshi wa ekzosi, yanaganda kwenye nyuzi -11. Gari limeundwa kwa kulijua hilo, na hita ya tangi lake itayayeyusha ukiwa safarini. Usijaze mpaka juu kabisa, kwani yanapanuka yakiganda, na usiyachanganye na chochote. Safari fupifupi za baridi ndizo zinazojaza filta ya masizi. Mara moja moja mpe gari mwendo mrefu liiunguze.

Likishatembea

Usukani unalalamika na gia zinaingia kwa shida kilomita za mwanzo, kwa sababu oili zake ni nzito. Zipe muda. Pima tairi baridi: tairi iliyokuwa na psi 35 kwenye nyuzi 20 itasoma 26 au 27 kwenye nyuzi -30, bila tundu lolote.

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na torki ya dizeli inazungusha magurudumu ya nyuma kwa mguso mdogo wa mafuta. Weka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, ifunge kwa kamba, na usizidishe mzigo ulioruhusiwa. Kwenye barafu zima breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo. Kwa gari tupu inakamata magurudumu ya nyuma pekee, na mkia unatangulia. Kuendesha magurudumu manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama kunabaki vilevile.

Usiku usivute breki ya mkono kama mahali ni tambarare na kuna unyevu, inaganda. Weka gia, weka kigingi kwenye tairi.

Usiku wa kuamkia

Hita ya bloku inaondoa nusu ya mambo niliyoyaandika hapa. Andrew Freeman wa Dakota Kaskazini, Marekani, alipata hataza ya hita yake ya kuchomeka umeme mwaka 1949, na wazo ni lilelile hadi leo: umeme unapasha kulanti, chuma hakifikii baridi ya nje, oili inabaki nyepesi. Saa mbili hadi nne kabla ya kuwasha zinatosha, kwa hiyo iunge kwenye saa ya kujiwasha. Tumia waya mnene wa nje wenye pini ya ardhi; mwembamba unapata moto. Ili ujue kama hita ni nzima, pima ukinzani kwenye plagi yake: ya wati 1000 inasoma kama omu 14 kwenye umeme wa volti 120, na kama omu 53 kwenye volti 230. Isiposoma kitu imekatika. Pima leo mchana, mikono ikiwa bado inahisi vidole, na kabla ya kupiga stata asubuhi chomoa waya, uukunje, uuweke mahali utakapouona kabla ya kuondoka.